Nani huisimamisha mitokondria?

SALIM: Dada Rehema, leo naanza na hesabu. Seli ya neva inayotoka mgongoni mpaka unyayoni kwa mtu mzima, urefu wake?

REHEMA: Karibu mita moja. Na ni seli moja hiyo! Kiwiliwili chake kiko huko mgongoni, halafu mkia wake, akzoni, unateremka mguu mzima.

SALIM: Sasa mitokondria, vile vinu vya nishati vya seli, nyingi zinatoka huko juu. Moja ikienda maikromita 1, sehemu ya milioni ya mita, kwa sekunde bila kupumzika, mita nzima itaimaliza kwa siku kama 12.

REHEMA: Na hupumzika sana tu, hata kurudi nyuma hurudi.

SALIM: Hubebwa na nini?

REHEMA: Na kinesini, protini inayofanya kazi ya mota. Ndani ya akzoni mna reli za protini, mikrotubuli. Kinesini hutembea juu yake kama mtu mwenye miguu miwili, hatua ya nanomita 8, na kila hatua inakula molekuli moja ya ATP, yaani mafuta ya seli. Kinesini ilitambuliwa mwaka 1985 kwa kuchunguza neva za ngisi.

SALIM: Ngisi tena! Kila nikisoma habari za neva namkuta.

REHEMA: Akzoni yake ni nene, unaiona kwa macho, ndiyo maana. Lakini Salim, mimi naona watu wanashangilia mwendo wakasahau kusimama. Tazama akzoni iliyokomaa: mitokondria nyingi zimetulia tuli. Nani kaziambia zisimame?

SALIM: Haya, nani?

REHEMA: Mmoja ni kalsiamu. Kwenye ngozi ya nje ya mitokondria kuna protini iitwayo Miro. Miro imeshikana na protini nyingine, TRAK, na TRAK imeshika kinesini. Ndiyo kamba ya mzigo. Miro ina vishimo vya kunasa kalsiamu. Sinapsi, pale neva inapopeana habari na seli nyingine, ikichangamka, kalsiamu inamiminika ndani, Miro inainasa, na safari inakatika papo hapo.

SALIM: Yaani mzigo unashuka penye kazi bila mtu kuagiza.

REHEMA: Eeh! Wanachobishania wataalamu ni kama kinesini huachia reli au huachia mzigo.

SALIM: Mimi nasema reli.

REHEMA: Wewe nawe! Basi kuna na nanga, sintafilini, inayoifunga mitokondria kwenye reli. Panya wakinyimwa protini hiyo, mitokondria zao nyingi huanza kuzurura. Halafu sukari: glukosi ikiwa tele mahali, kimeng'enya kiitwacho OGT hubandika kipande cha sukari juu ya TRAK, mwendo unazimwa.

SALIM: Ikichakaa huko mwisho, je?

REHEMA: Kuna ya kurudishwa na dainini, mota inayoelekea kwenye kiwiliwili cha seli, ambako lisosomu za kuimeng'enya ni nyingi. Iliyoharibika vibaya huzuiwa palepale: protini iitwayo PINK1 hujikusanya juu yake, inaita mwenzake, Parkin, na Miro inavunjwa. Kamba imekatwa.

SALIM: Inaachwa hapo?

REHEMA: Inafungwa kwenye kifuko na kumeng'enywa. Waliorithi kasoro kwenye nakala zote mbili za jeni ya PINK1 au Parkin hupata ugonjwa wa Parkinson mapema, wengine kabla ya miaka 40.

SALIM: Kumbe Parkin imepewa jina kwa ugonjwa wenyewe.

REHEMA: Ndiyo. Jeni yake ilipatikana mwaka 1998, kwa kuzifuatilia familia za Japani.