Upatu wa Vitambaa

Mazungumzo na mafundi na wanafunzi wa ushonaji, Tanga

Shikamooni mama zangu. Dada zangu, na nyinyi wadogo zangu mliokaa kule nyuma kwenye vyerehani, habari za asubuhi. Mwenyekiti aliniomba nizungumze juu ya ushonaji wa Marekani. Hilo ni bahari, na mimi nimeoga ufukweni tu. Nitawasimulia siku nne za mkutano wa washonaji wa mifarishi, Februari 2024, katika mji wa Raleigh, jimbo la North Carolina, mwendo wa nusu saa kwa gari kutoka ninapoishi, na mwaka uliofuata baada ya siku hizo.

Tuanze na jina. Mfarishi. Bibi zetu walikuwa nalo neno hili: tandiko la vitambaa viwili, katikati pamba, likapigwa bandi lote ili pamba isikimbie. Wamarekani wanacho kitu hichohicho. Uso wanauunga kwa vipande, katikati wanatandaza pamba bapa, chini wanaweka mgongo, kisha wanapitisha mishono tabaka zote tatu. Mishono hiyo ya mwisho ndiyo kazi yenyewe. Bila hiyo una shuka la viraka.

Mifarishi ya mababu zao ina sura zake: nyota, vikapu, maua, kila kipande kimepangwa kwa ulinganifu. Mwaka 2009 huko Los Angeles washonaji fulani wakaanza kukutana kwa sababu walitaka kitu kingine. Rangi kali. Nafasi kubwa tupu, kipande kimoja chekundu kimekaa pembeni peke yake. Kukata bila kuchora kwanza. Kikundi kile kikakua kikawa chama kinachoitwa Modern Quilt Guild, na Februari 2013 chama kikafanya mkutano wake wa kwanza mjini Austin, Texas. Mkutano unaitwa QuiltCon. Tangu hapo umehama mji hadi mji, na mwaka ule ukaja jirani yangu.

Ukumbi ni mkubwa kuliko soko lolote mnalolijua hapa. Upande mmoja maduka ya vitambaa, nyuzi, mikasi, vyerehani. Upande mwingine mifarishi imetundikwa kwenye mapazia meusi, safu baada ya safu, mamia. Kuna madarasa na mihadhara ya kulipia, na nafasi zake huisha mapema sana, kwa hiyo mimi nilipata darasa moja tu. Sitakaa sana kwenye maduka. Maduka ni maduka.

Nikae kwenye glavu. Kugusa mfarishi uliotundikwa ni marufuku, kwa sababu mafuta ya vidole huchafua kitambaa. Lakini wapo wanaojitolea kusimama kati ya safu, wamevaa glavu nyeupe, na ukitaka kuona mgongo unawaomba. Nilimwomba mama mmoja mtu mzima. Akaushika ncha kwa vidole viwili, akaukunja polepole kama mtu anayefunua mtoto aliyelala. Mgongoni mishono ilionekana yote, hata pale uzi wa chini ulipovuta, hata pale mshonaji alipokatisha na kuanza upya. Mfarishi ule ulikuwa na utepe wa ushindi. Nilisimama pale muda mrefu. Miaka yote mimi nilificha migongo ya kazi zangu, na kumbe hapa mgongo una mtu wake wa kuuonyesha.

Siku ya kwanza nilikula peke yangu. Wengi mle ukumbini ni wazungu, wengi walikuja na wenzao, na mimi sikujua niketi wapi. Kilichonishika nisirudi nyumbani ni wanawake wa Gee's Bend. Hao ni wa kijiji kilichoko kwenye kona ya mto Alabama, uzao wa watumwa, na watu wa ushonaji wa kisasa wanawataja kama watoto wanavyotaja wazazi. Walishona kwa nguo za kazi zilizochakaa, bila kuchora, miongo mingi kabla ya mtu yeyote kuita hilo mtindo. Mwaka 1962, weusi wa pale walipoanza kudai kujiandikisha kupiga kura, kivuko cha kwenda mji wa ng'ambo kikaondolewa, na hakikurudi mpaka 2006. Mwaka 2002 mifarishi yao ikatundikwa kwenye makumbusho ya Houston, kisha New York.

Mmoja wao, Missouri Pettway, alifiwa na mumewe mwaka 1942. Akachukua nguo za kazi za marehemu, suruali na mashati, akazikata na kuziunga mfarishi, binti yake akimsaidia, ili ajifunike nao akimkumbuka. Mama zangu, hapa wangapi tumehifadhi kanzu ya mtu sandukuni na hatujui tuifanye nini?

Siku ya pili nikavaa kanga begani. Si kwa hila yoyote, ukumbi ulikuwa na baridi. Mezani mama mmoja kutoka Minnesota akauliza yale maandishi yanasema nini. Nikamwambia: Wema hauozi. Akauliza kwa nini nguo ina maandishi. Basi nikaanza. Nikawaeleza pindo, mji na jina. Nikawaeleza jinsi wanawake wa Pwani, karne ya 19, walivyonunua leso za vichwani zikiwa bado kwenye jora, hazijakatwa mojamoja. Wakakata sita, tatu na tatu, wakaziunga ubavu kwa ubavu wakapata vazi moja. Baadaye ndipo wafanyabiashara wakaanza kuchapa vazi zima. Kwa hiyo kanga, kabla haijawa kanga, ilikuwa vipande vilivyoungwa. Yule mama akaweka uma chini. Akawaita wawili wa meza ya pili waje wasikie.

Hivyo ndivyo nilivyopata watu. Jioni tuliketi sita kwenye viti vya ukumbi wa kuingilia, kila mtu na kazi yake mkononi. Kijana mmoja wa kiume kutoka Texas alikuwa anashona kwa namna ambayo sijawahi kuiona: anaanzia pembeni, anaweka kipande, anakipiga bandi moja kwa moja hadi mgongo, anazunguka, anaingia ndani, mpaka anamalizia katikati. Akasema unaitwa kawandi, ni ushonaji wa Wasiddi wa jimbo la Karnataka, India. Wasiddi ni uzao wa Waafrika waliovushwa bahari ya Hindi, wengi wao kwa utumwa. Kwenye kona nne wanaweka vijitambaa vilivyokunjwa, wanaviita maua, na bila maua hayo kwao mfarishi uko uchi. Nilishika ile kona nikashindwa kusema. Watu waliotoka upande wetu wa Afrika, na mimi nimefundishwa habari zao na kijana wa Texas, nikiwa Raleigh. Nawaambia kwa sababu nataka mmoja wenu akatafute zaidi. Ni habari yetu.

Siku ya nne watu wanaagana, wanapeana namba, na kwa kawaida mambo huishia hapo. Sisi hatukutaka. Yule mama wa Minnesota akapendekeza mchezo ambao washonaji wa kule wanaujua vizuri: kila mtu aanzishe kipande cha katikati, inchi 12 kwa 12, akipeleke kwa posta kwa mwenzake. Mwenzake aongeze mzunguko mmoja wa vipande, apeleke kwa anayefuata. Mpaka kikurudie. Nikacheka nikawaambia, huu kwetu ni upatu! Nikawaeleza upatu, kwamba zamu ni zamu na anayeshindwa zamu yake anawakosesha wote usingizi. Kundi letu linaitwa Upatu mpaka leo, na wanalitamka vizuri.

Tulianza Machi, miezi miwili kwa kila mtu. Mimi kipande changu nilikikata kwenye kanga nyekundu ya marehemu bibi yangu wa Pangani. Na hapa, wanafunzi, sikilizeni kama mafundi. Sikuifua kwa maji ya moto kabla ya kukata. Ni kanga ya miaka mingi, nikaona rangi imeshakaa. Kipande kilipofika kwa dada wa tatu, yeye akaongeza mzunguko wa kitambaa cheupe, akapiga pasi ya mvuke. Nyekundu ikatembea ikaingia kwenye nyeupe.

Alinipigia simu ya video amekishika mikononi, macho yamemjaa, akidhani yeye ndiye aliyeharibu kitu cha bibi yangu. Nikamwambia kosa ni langu. Akaloweka usiku kucha kwenye beseni kubwa la maji ya moto sana yenye sabuni, ili rangi iliyotoka ibaki majini isirudi kwenye kitambaa. Msihangaike na chumvi wala siki, haziishiki rangi ya kiwandani. Na msipige pasi kabla doa halijatoka, mtalipika. Asubuhi nyeupe ilirudi, isipokuwa sehemu moja, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, ikabaki waridi.

Angeweza kufumua akabadilisha kipande. Alinipigia tena kuniuliza. Nikamwambia aache. Basi akachukua uzi mwekundu akapiga bandi ya mkono kulizunguka lile doa, duara ndani ya duara, kama jiwe lililotupwa majini. Aliyemfuata alipoona, akaendeleza maduara yale kwenye mzunguko wake. Na wa mwisho naye hivyohivyo.

Uso wa mfarishi wangu ulinirudia Januari 2025. Nikatafuta pamba, nikaweka mgongo, nikashona miezi mitatu nikiwa na subana kidoleni. Mgongo ni kanga ileile iliyobaki, nimeifua mara nne mpaka maji yakatoka meupe. Jina lake limekaa chini kulia.

Nimekuja nao, uko kwenye lile begi. Dada, naomba tuondoe vyerehani viwili hapo mbele tupate nafasi. Shikeni ncha, wanne, kila mtu kona. Glavu sina, gusa tu. Mama, wewe uliye upande wa kushoto, doa liko karibu na kidole chako. Haya, sasa ugeuzeni tuone mgongo.