Ua Nililokula Lusaka

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Na mliopanda leo asubuhi kutoka Tukuyu na Kyela, mwagonile!

Nilipoombwa nije nizungumzie mji wa nje ninaoupenda, mwenyekiti wetu aliniinamia akaninong'oneza, "Mwalimu, wewe si ulifika Uingereza?" Nilifika. Nikakaa wiki tatu, nikala viazi, nikarudi. Habari za Uingereza zimeishia hapo. Leo nimekuja na Lusaka.

Mnacheka. Najua kwa nini. Mtu wa Mbeya akiaga kwamba anasafiri nje ya nchi, halafu akataja Zambia, tunamwona kama ameaga anakwenda Uyole. Malori yanapita kila siku, nani aulizie? Lakini hebu iangalieni hiyo lami inayokatiza Mafiati na Mwanjelwa. Ifuate kuelekea Songwe, pita Mbozi, vuka Tunduma, endelea Mpika, Kapiri Mposhi, Kabwe. Usikate kona. Itakufikisha Cairo Road, mtaa mkuu wa Lusaka, wenye mabenki na maghorofa. Jina lenyewe ni masalia ya ndoto ya Waingereza ya njia moja kutoka Cape Town hadi Cairo. Wao na ndoto yao walishaondoka, sisi tumebaki na barabara. Kwa hiyo hapa tulipo, tumeketi pembeni mwa mtaa wa Lusaka, ila nyumba hazijashikana.

Mara ya kwanza nilikwenda mwaka 1998, kwa treni ya TAZARA. Nilikuwa nafundisha Jiografia, na kila mwaka nilikuwa nawaandikia wanafunzi ubaoni: kilomita 1,860, Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa 1970 hadi 1975 kwa mkopo wa China usio na riba. Nilikuwa naandika reli ambayo sijawahi kuipanda kuelekea upande wa pili! Nikaona aibu, likizo ilipofika nikakata tiketi. Daraja la pili, vitanda sita, wanaume watupu. Kitanda cha juu yangu kulikuwa na mzee wa Kasama ambaye usiku kucha alinifundisha salamu za Kibemba, na kila nikikosea ananigongea ubao.

Tunduma tulifika jioni. Maofisa wa uhamiaji wanaingia humo humo ndani ya behewa, na nyuma yao wanaingia wabadilisha fedha. Nikabadilisha. Enzi hizo kwacha ilikuwa bado haijakatwa sifuri tatu, hilo lilikuja kufanyika Januari 2013, kwa hiyo mwalimu wa sekondari mara moja nikawa na bunda la maelfu kwa maelfu. Nilijisikia bwana mkubwa mpaka nilipohesabu tena. Noti za katikati zilikuwa zimekunjwa, moja inahesabika mbili. Kijana mwenyewe alishateremka zamani. Tuendelee.

Lile neno kwacha, kwa njia, maana yake ni kumekucha. Sikilizeni: kwacha, kumekucha. Ndiyo raha ya mji ule, unatembea unasikia maneno yako yakipita yamevaa shati lingine. Kitenge wao chitenge. Nyama ni nyama. Ugali tu ndio wameupa jina lao, nshima, na wanausonga laini kuliko wetu. Sisi wa huku tunapenda ugali unaoweza kusimama wenyewe.

Sasa, saa. Ukivuka Tunduma kuingia Nakonde unarudisha mshale saa moja nyuma. Watu wa pale mpakani mnajua, unavuka barabara kununua sukari unafika kabla hujaondoka. Mimi haya nayafundisha! Nyuzi 15 za longitudo, saa moja. Mbeya na Lusaka zimepishana nyuzi kama tano tu, maana yake jua linachelewa dakika 20 hivi. Hizo 40 nyingine ni za serikali. Nikajiona nimelimaliza somo. Siku ya kurudi nikaenda stendi kuu ya mabasi, iliyo kwenye barabara ya Dedan Kimathi (ndiyo, Kimathi wa Kenya, na ukizunguka utakutana na Lumumba, Nasser, Ben Bella, mitaa yao inasomeka kama orodha ya wageni waalikwa), nikauliza basi la Kapiri linaondoka lini. Kondakta akaniambia kwa Kiingereza, saa tano. Nikalala vizuri. Nikaoga, nikanywa chai, saa tano asubuhi nikafika na begi langu. Basi lilikuwa limeondoka alfajiri, saa kumi na moja yetu. Miaka yangu yote ya kufundisha majira ya dunia, nikakwamishwa na saa ya Kiswahili.

Nikapata siku moja ya ziada, na siku hiyo ndiyo iliyonifunga na Lusaka.

Ilikuwa Oktoba. Mbeya tuna mijakaranda, lakini Lusaka mwezi huo unakanyaga maua yake ya zambarau, yanapondeka chini ya viatu. Joto kali, wao wako kwenye mita 1,280 hivi, sisi tumezoea 1,700 na sweta. Nikapita kwenye sanamu ya yule mtu anayekata minyororo, ambayo nilishaizoea kwenye noti zao, zile za kukunjwa. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi kivulini akanisimulia jinsi wapigania uhuru wa Afrika Kusini, wale wa chama cha ANC, waliokuwa na makao yao makuu mjini humo, walivyokuwa wakipanga foleni za mkate kama watu wengine. Halafu njaa ikanishika, nikaulizia soko. Wakanielekeza Soweto. Nikacheka peke yangu, maana na sisi hapa Mbeya tunayo Soweto yetu.

Huko nikamkuta mama na sinia. Juu yake kulikuwa na kitu cha mviringo kama mkate mkubwa, ngozi ya kahawia, ndani rangi ya udongo uliolowa. Anakata vipande kwa kisu chembamba. Kinaitwa chikanda. Nikatafuna: kigumu kiasi, kinavutika kidogo kama soseji, pilipili inakuja baadaye, halafu karanga. Nikauliza ni nyama ya nini. Akacheka mpaka akaweka kisu chini. Hakuna nyama. Ni mizizi, akasema, vile viazi vidogo vya porini: vinakaushwa, vinatwangwa, vinachanganywa na karanga zilizotwangwa, chumvi, pilipili na magadi, vinapikwa vikishikana kama ugali, kisha makaa yanawekwa hadi juu ya mfuniko. Akanionyesha vichache kwenye mfuko, vikavu, vidogo kama kidole gumba.

"Vinatoka wapi, amai?"

"Kwenu. Vinapitia Tunduma."

Nikakitazama kile kiazi. Nilikuwa nimepeleka wanafunzi kwenye uwanda wa Kitulo, kule Makete, mara nne. Nilikuwa nimewaonyesha okidi, maua ya porini yenye viazi kama hiki chini yake, nikawaambia wasichume hata moja, na mwaka mmoja tulikuta uwanda umechimbwachimbwa vishimo, tukadhani ni nguruwe pori. Kumbe zilikuwa gunia kwa gunia zinashuka Makete na Njombe, zinavuka mpaka, zinaishia kwenye sinia hili. Ukichimba kiazi cha okidi umeondoa mmea mzima, mwakani hapo hapaoti kitu. Nisiwadanganye, sikutema. Kilikuwa kitamu, niliongeza kipande.

Kitulo ikaja kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na biashara hiyo ni moja ya sababu. Wazee wa huku waliiita Bustani ya Mungu kabla ya serikali yoyote.

Lakini nilitaka kuwaambia kuhusu yule mama. Nilipokuwa namlipa aliniuliza hayo majani yake yakoje, maana yeye alikuwa ameuza chikanda tangu msichana na mama yake kabla yake, na hawajawahi kuuona mmea. Nikamwambia yana maua. Akasema, mwalimu, usinitanie.

Mwaka 2001 nilirudi, na picha mbili za Kitulo mwezi wa Februari. Moja ya okidi ya waridi kwa karibu, nyingine uwanda wenyewe umejaa mpaka kwenye ukungu. Meza yake ilikuwa palepale. Alifuta mikono kwenye chitenge, akaishika ile ya karibu kwa pembe zake mbili, akakaa kimya. Kisha akamwita jirani wa nyanya, jirani akamwita wa dagaa, wakasimama watatu wanabishana kwa Kinyanja nisichokielewa. Akaichomeka kwenye nguzo ya kibanda, juu ya sinia.

Nikaomba kipande kimoja. Akakikata kikubwa, akanitoza bei kamili.