Beberu Mmoja, Majike Sita

SIDE: Haya, karibuni tena. Mimi Side, na ng'ambo ya meza yupo Rehema, amekaa kwa heshima kabisa leo, kama mtu ambaye hajawahi kuuza friji la jirani.

REHEMA: Usianze na friji.

SIDE: Sijaanza, nimelisalimia tu. Leo nina daftari. Wasikilizaji, nimewaandalia masomo matano ya viza, kwa sababu mwenzangu juzi Jumanne alikwenda kuomba ya kumfuata mchumba wake, Bwana Baridi, kule Leipzig, Ujerumani. Rehema, tupe habari halafu niwafundishe watu.

REHEMA: Kwanza niliamka saa kumi alfajiri. Foleni ya Mbagala unaijua. Nina bahasha ya kaki imevimba hivi, na kichwani nimejiambia naenda kuongeza viza. Niliyonayo imeisha, si ndiyo? Nilidhani ni kama leseni ya gari: unapeleka ya zamani, unalipa, wanakupa mpya.

SIDE: Na hii ni safari ya tatu. Mtu mzima.

REHEMA: Safari ya tatu na bado nilikuwa naamini hivyo. Kumbe viza ya Shengeni, ile moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, ya matembezi, haina cha kuongeza. Ikiisha unaanza moja. Fomu upya, picha upya, bima upya, euro 90 upya. Mara ya kwanza mimi nililipa 80, wakapandisha Juni 2024. Na ukinyimwa hazirudi.

SIDE: Ukiwa kulekule je? Siku zinaisha, mko kwenye kochi, theluji inaanguka...

REHEMA: Unapanda ndege. Kuongezewa ukiwa ndani ni mpaka upate janga, ugonjwa mzito, vitu vya namna hiyo. Mapenzi hayamo.

SIDE: Pole.

REHEMA: Halafu kuna hesabu. Siku 90 ndani ya kila siku 180, na siku ya kutua inahesabika, siku ya kuondoka inahesabika. Mimi Juni nilikaa siku 30 kamili. Nikapanga niingie tena Septemba 20, nikae siku 80, nirudi Desemba. Bwana Baridi akachukua kalenda ya ukutani, akaanza kuhesabu kwa kalamu nyekundu kwenye simu namuona, anarudi nyuma siku moja moja. Akaniambia, "Rehema, una 60." Nikamwambia rudia. Akarudia. 60.

SIDE: Wajerumani kwa kalenda.

REHEMA: Tukagombana robo saa, kama yeye ndiye aliyeitunga. Na wakati huo yeye akitaka kuja huku anajaza mtandaoni, dola 50, miezi mitatu, anakuja zake kula mihogo.

SIDE: Sawa. Somo la kwanza...

REHEMA: Ngoja, sijafika kwenye barua.

SIDE: Barua gani?

REHEMA: Si wanataka ushahidi kwamba utarudi? Mwenye ajira anapeleka barua ya mwajiri. Mimi nimejiajiri, nina cherehani tatu na leseni ya biashara. Nikaona haitoshi, nikampigia mjomba Lushoto, kwamba wale mbuzi wangu niandikiwe barua na mtendaji wa kijiji. Akaandika vizuri, mhuri wa bluu, sahihi ndefu mpaka imetoka kwenye mstari. "Ninamtambulisha kwenu Rehema, mzaliwa wa kijiji hiki, anayemiliki mbuzi 7 (saba), yaani beberu 1 (mmoja) na majike 6 (sita)."

SIDE: Mungu wangu. Umepeleka beberu kwa Wajerumani?

REHEMA: Subiri. Ilibidi itafsiriwe kwa Kiingereza. Kuna kijana mmoja mjini ana kibanda cha steshenari, fotokopi, tafsiri, picha za pasipoti, vyote yeye. Akaingiza barua kwenye programu ya simu, akachapa, akabana pini, elfu tano. Mimi sikusoma.

SIDE: Rehema!

REHEMA: Sikusoma! Nilikuwa nahesabu karatasi za benki. Nafika dirishani, yule dada anapitia moja moja, anaweka tiki, anaweka tiki, akafika hapo akasimama. Akasoma tena. Akaniangalia. Akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, Kiswahili safi, "Dada, huyu mkoloni unamfuga wapi?"

[kicheko kirefu]

SIDE: Subiri... subiri nikae vizuri...

REHEMA: Programu haikumjua mbuzi. Ilimjua yule beberu mwingine, wa kwenye hotuba. Kwa hiyo karatasi rasmi inasema Rehema anamiliki mkoloni mmoja na wanawake sita.

SIDE: Kutoka Lushoto! Wewe unajua Lushoto Wajerumani hao hao walikuwa wakiiita Wilhelmstal? Wamekuja, wamejenga, wamepanda vya kupanda, wakakaa kupita siku 90...

REHEMA: Kupita kidogo.

SIDE: ...leo mjukuu wa Wilhelmstal anapeleka barua kwamba mmoja alibaki, na yeye ndiye mwenye kamba!

REHEMA: Yule dada machozi yanamtoka. Akaniambia nenda karekebishe, nakushikia nafasi mpaka saa tano. Nikatoka mbio. Nilipomwambia Bwana Baridi usiku, akafungua kamusi yake. Kimya. Halafu anauliza, "Kwa hiyo mimi ni wa pili?"

SIDE: Huyo muoe haraka. Una beberu wa Lushoto na beberu wa Leipzig.

REHEMA: Mchumba wangu usimwite beberu.

SIDE: Amejiita mwenyewe! Haya, haya. Nirudi kwenye daftari. Somo la kwanza linahusu fomu, na hapa nataka nikuulize. Kwenye sababu ya safari uliweka tiki wapi?

REHEMA: Kutembelea jamaa au marafiki. Na jina lake nikaandika, na anwani, na kwamba ni mchumba.

SIDE: Ulikosea.

REHEMA: Sikukosea.

SIDE: Ulikosea, dada. Unaweka utalii. Hoteli ya kulipia baadaye, makumbusho mawili, basi. Ukiandika mchumba umewaambia mwenyewe kwamba kuna mtu kule anakuvuta. Binamu yangu alisema ukweli wote, na picha za uchumba akabandika. Karatasi ikarudi na tiki kwenye kile kisanduku cha mashaka kwamba utaondoka kabla viza haijaisha. Rafiki yake akaandika utalii, akapata.

REHEMA: Na akifika uwanjani akiulizwa unalala wapi?

SIDE: Hotelini.

REHEMA: Na simu yake ina ujumbe mia nne wa "mpenzi nakusubiri mlango wa pili." Side, taarifa zako zinakaa kwenye mfumo wao miaka 5. Ukikamatwa na uongo mara moja, unaubeba kila unapoomba. Mimi naomba kila mwaka. Siwezi kukumbuka kila mara nilidanganya nini.

SIDE: Si uongo. Ukienda Leipzig hutatalii? Hutakwenda kuona kanisa alilokuwa akiongoza muziki Bach, yule mtunzi wa zamani?

REHEMA: Nitakwenda naye, kumshika mkono. Ndiyo niandike Bach?

SIDE: Ndiyo! Andika Bach! Bach amekufa tangu 1750, hana wasiwasi kwamba utaolewa naye.

REHEMA: Mimi nina miaka thelathini na sita. Sitaki kuingia nchi ya mwenzangu kama naingia kwa dirisha.

SIDE: Hilo ni jambo la moyo, na dirishani hawapimi moyo. Na kama ni ukweli, kwa nini hakutoa ile barua ya dhamana? Anakwenda ofisi ya wageni ya mji wake, analipa euro 29, anaapa kwamba gharama zako ni juu yake. Habari ya pesa imekwisha.

REHEMA: Alitaka. Nikakataa.

SIDE: Kwa nini sasa?

REHEMA: Kwa sababu nina cherehani tatu, Side. Nauli nalipa mwenyewe, bima ile ya matibabu ya kuanzia euro 30,000 nimenunua mwenyewe. Nidhaminiwe kama mtoto wa shule?

SIDE: Kiburi cha Kisambaa hicho.

REHEMA: Kiite unavyotaka.

SIDE: [anacheka] Haya. Lakini ngoja kidogo. Mjomba aliniambia jambo.

REHEMA: Umempigia mjomba wangu?

SIDE: Kwa utafiti wa kipindi. Amesema Maulidi ilikuwa nzuri sana, watu walikula, wakashiba.

REHEMA: ...

SIDE: Walikula nini, Rehema?

REHEMA: Barua ilisainiwa kabla ya Maulidi.

SIDE: Walikula nini?

REHEMA: Beberu.

SIDE: Wasikilizaji! Dada wa ukweli! Bach hataki, hoteli hataki, lakini mbuzi marehemu amempeleka mpaka dirishani na mhuri!

REHEMA: Siku ya kusainiwa alikuwa hai! Taarifa ya benki nayo ni ya tarehe ile, unadhani pesa bado zipo?

SIDE: Wilhelmstal imekombolewa na wewe umeficha habari.

REHEMA: Haifanani hata kidogo. Mimi sikujua mpaka Jumatano.

SIDE: Inafanana.

REHEMA: Haifanani.

SIDE: Na ukipata viza nitasema ni cherehani, na ukikosa nitasema ni ile tiki.

REHEMA: Na mimi nikipata nitasema ni ukweli, na nikikosa bado sitaandika Bach.

SIDE: Fundi mitambo ananionyesha vidole. Viwili? Dakika mbili. Na masomo yangu matano je? Watu wameniomba masomo!

REHEMA: Soma haraka.

SIDE: Somo la kwanza tumeligombania. La pili, usisubiri, milango inafunguliwa miezi 6 kabla ya safari, na mwisho siku 15. La tatu, ukishatumia viza tatu bila kosa ndani ya miaka miwili, unaweza kupewa ya mwaka mzima ya kuingia na kutoka, na hii ni muhimu kwa sababu...

REHEMA: Simu inaita. Ni mjomba.

SIDE: Usipokee, tuko hewani.

REHEMA: Shikamoo mjomba. Ndiyo. Yupi? Yule mweupe? Wawili?

SIDE: Nini?

REHEMA: Amezaa pacha.

SIDE: Dume au jike? Rehema, muulize ni dume au jike!