Bawaba Iliyopandishwa: Mhadhara Kuhusu Fremu Mpya ya Baiskeli ya Mlimani

Ndugu zangu, nianze kwa kuwaonyesha kitu kabla sijatamka neno lolote la kitaalamu. Hii ni fremu mpya ya baiskeli ya mlimani, yenye shokapu nyuma. Foku, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, nimeing'oa, usukani na kiti pia, na upepo wa shokapu nimeuachia wote ili mkono wa nyuma, kile kipande kinachoshika gurudumu la nyuma, uwe huru. Pembeni nimesimamisha kadibodi, na kwenye ncha ya ekseli ya nyuma nimefunga penseli. Sasa nalipandisha gurudumu taratibu. Haya, tazameni mstari uliochorwa.

Haukupanda wima. Umeanza kwa kurudi nyuma huku ukipanda, ukazidi kusimama kadiri ulivyokwenda juu, na mwishoni umeinamia mbele kidogo sana. Mstari huo mfupi ndio uliowalazimisha wabunifu kubadili karibu kila kitu kingine mnachokiona hapa. Leo nataka tuufuate, tuone umewadai nini.

Mahali mkono wa nyuma unapoungana na fremu pana bawaba. Wengine huiita pivoti. Mimi nasema bawaba kwa sababu kazi yake ni ileile ya bawaba ya mlango: upande mmoja umetulia, upande mwingine unazunguka. Kwa miaka mingi bawaba hii imekaa chini, karibu na ekseli ya pedeli. Hapa imepandishwa hadi juu ya sproketi ya mbele, lile gurudumu la meno linalozungushwa na pedeli. Ukiweka kiganja kati ya ekseli ya pedeli na bawaba, kinaingia chote na nafasi inabaki.

Tupige hesabu pamoja. Nitatumia namba rahisi, si vipimo kamili vya fremu hii. Tuseme ekseli ya nyuma iko milimita 430 nyuma ya bawaba, na gurudumu linaweza kupanda milimita 160. Kama bawaba iko milimita 20 tu juu ya usawa wa ekseli, ekseli itarudi nyuma kwa nusu milimita, kisha itaanza kuja mbele, na ikifika juu kabisa itakuwa imesogea mbele kwa milimita 23 hivi. Sasa pandisha bawaba iwe milimita 120 juu ya ekseli. Gurudumu likipanda milimita 120, ekseli imerudi nyuma milimita 16. Likimaliza 160, bado iko nyuma kwa takriban milimita 15. Milimita 23 mbele, au milimita 15 nyuma: tofauti inakaribia sentimita nne, na imetokana na kuhamisha tundu moja tu la fremu.

Kwa nini tuhangaike na sentimita nne? Fikiria jiwe lenye ukingo mkali, kimo chake milimita 100, na tairi kubwa la inchi 29 ambalo nusu kipenyo chake ni kama milimita 370. Tairi haliligusi jiwe kwa chini. Linaligusa kwa mbele, na ukichora mstari kutoka kwenye ukingo wa jiwe hadi kwenye ekseli, utakuta umelala nyuma kwa digrii 43 kutoka wima. Yaani jiwe halisukumi gurudumu juu tu, linalisukuma juu na nyuma karibu kwa kiasi sawa. Bawaba ya chini inaliruhusu gurudumu kwenda juu, lakini njia ya nyuma imefungwa. Nguvu iliyokosa njia inaingia kwenye fremu, inakuja miguuni mwako, na baiskeli inakwama kana kwamba mtu ameikamata kiti. Kila aliyewahi kushuka kwenye mawe yaliyopangana kama ngazi anaijua hali hiyo. Mara ya kwanza nilipopita mahali pa namna hiyo na bawaba ya juu, nilifika chini nikageuka kuangalia nyuma, nikidhani nimepita njia nyingine.

Hapa lazima niwe mkweli, maana matangazo hulipita jambo hili haraka. Ukikaa kwenye baiskeli, uzito wako peke yake unaibonyeza springi, yaani upepo wa shokapu, kwa takriban asilimia 30. Katika mfano wetu gurudumu limeshapanda milimita 48 kabla hujakutana na jiwe lolote. Mwanzoni kabisa ekseli ingerudi nyuma kwa mwelekeo wa digrii 16 hivi. Ukiwa umekaa, zimebaki kama 9. Bado ni bora kuliko bawaba ya chini, ambayo wakati huo imeshaanza kulipeleka gurudumu mbele. Lakini 9 si 43. Baiskeli hii inakubaliana na jiwe zaidi ya nyingine, hailifuti.

Wazo lenyewe si geni. Kampuni ya Balfa ya Québec, Kanada, iliuza baiskeli yake ya BB7 yenye bawaba ya juu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Lilidumu pembeni, kwa watu wa mashindano ya kuteremka, hadi mwendeshaji Amaury Pierron aliponyakua taji la jumla la Kombe la Dunia la mashindano hayo mwaka 2018 akiwa juu ya baiskeli ya Supreme DH ya kampuni ya Commencal. Mwaka 2019 Forbidden, kampuni ya British Columbia, Kanada, ilitoa baiskeli ya Druid, ambayo gurudumu lake la nyuma hupanda milimita 130 tu. Hiyo ndiyo iliyonishtua mimi, kwa sababu haikuwa baiskeli ya kupakiwa kwenye gari hadi kileleni. Ilikuwa ya kupanda mlima kwa miguu yako mwenyewe.

Na hapo ndipo cheni inapoingia, sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Turudi kwenye mfano wetu. Ekseli ya pedeli iko milimita 30 chini ya usawa wa ekseli ya nyuma, wima chini ya bawaba. Gurudumu likipanda na kurudi nyuma, umbali kati ya ekseli hizo mbili unaongezeka, na ukiongezeka, cheni ya juu lazima irefuke nayo. Nimepiga hesabu: gurudumu likimaliza milimita 160, nyongeza ni kama milimita 52. Pingili moja ya cheni ina milimita 12.7, kwa hiyo hizo ni pingili nne. Sproketi ya mbele yenye meno 32 italazimika kurudishwa nyuma meno manne, ambayo ni sehemu ya nane ya mzunguko mzima. Digrii 45! Umesimama kwenye pedeli, unashuka kwa kasi, unagonga jiwe, na pedeli zinakupiga teke kinyumenyume. Na ukikanyaga kwa nguvu kupanda, cheni hiyohiyo inauvuta mkono wa nyuma kuelekea chini, springi inakakamaa, na tairi linaacha kufuata ardhi.

Pikipiki hazina taabu hii kwa kiasi hicho, kwa sababu sproketi ndogo inayotoka kwenye injini imekaa jirani kabisa na bawaba ya mkono wa nyuma. Kwenye baiskeli, ekseli ya pedeli haiwezi kupandishwa kuifuata bawaba. Miguu ya mtu ina urefu wake. Basi wabunifu wamefanya jambo la busara: wameiacha pedeli mahali pake, wakaipandisha cheni. Hili hapa kapi lenye meno, karibu na bawaba. Cheni inatoka juu ya sproketi ya mbele, inapanda hadi kwenye kapi, ndipo inakwenda nyuma. Kwa gurudumu, ni kama sproketi ya mbele imehamia huku juu. Teke la pedeli linabaki dogo sana.

Nawaomba mliangalie kapi hili kwa heshima. Mtu wa kilo 80 akisimama kwenye pedeli moja iliyolala, mkono wa pedeli ukiwa na milimita 170, cheni inayotoka kwenye sproketi ya meno 32 inabeba mvutano unaolingana na uzito wa zaidi ya kilo 200. Mvutano huo wote unapita juu ya kapi. Kwa hiyo parafujo yake, beringi zake na sehemu ya fremu inayolishika haviwezi kuwa vya kubahatisha. Na kapi lisiwe dogo. Cheni ikizunguka kwenye kapi la meno 10, kila pingili inajikunja digrii 36. Kwenye la meno 16 inajikunja 22 na nusu. Kujikunja ndiko kunakoleta msuguano, kelele na kuchakaa. Mkienda kununua, hesabuni meno ya kapi kabla ya kusifia rangi.

Mahali kapi lilipokaa nako kuna maana. Likisogezwa milimita chache juu au chini ya bawaba, nguvu ya cheni wakati wa kukanyaga inabadilika: baiskeli itainuka kidogo kwa nyuma, itatulia, au itadidimia kila unapokanyaga. Huko ndiko unakoonekana ustadi wa mbunifu. Fremu mbili zinaweza kuwa na bawaba mahali pamoja, moja ikapanda mlima kwa furaha na nyingine ikawa mzigo, kwa sababu ya kapi tu.

Gharama nyingine za cheni nizitaje upesi. Kwa kuwa inavutwa juu, inashika meno machache ya sproketi ya mbele, ndiyo maana huku chini kuna kapi jingine dogo la kuirudisha ikumbatie vizuri. Njia yake imekuwa ndefu, na kwa baadhi ya fremu za aina hii cheni moja ya pingili 126 haitoshi; unanunua mbili na kuunga. Tope likiingia kwenye kapi, utalisikia.

Breki sasa. Watu wengi hawaiulizi, nami naona wangeiuliza kabla ya yote. Ukikamata breki ya nyuma, kalipa inaibana diski, na gurudumu na mkono wa nyuma vinakuwa kitu kimoja. Ardhi inalivuta tairi nyuma, na mvuto huo unazungusha mkono mzima kwenye bawaba, ukiibonyeza springi. Nyenzo yake ni umbali wa wima kutoka ardhini hadi kwenye bawaba: milimita 390 kwa ile ya chini, 490 kwa ya juu, yaani zaidi kwa robo. Kuna uzuri ndani yake, kwa kuwa sehemu ya nyuma haiinuki unapofunga breki kwenye mteremko mkali, na mwili unabaki katikati. Lakini springi iliyobonyezwa na breki haina uhuru wa kumeza mawe, na mawe huja hasa pale ambapo umefunga breki. Fremu hii haikufunga kalipa kwenye mkono mkuu. Imeifunga kwenye kiungo hiki cha pili, chenye bawaba yake karibu na ekseli, ili mzunguko wa breki usifuate mzunguko wa mkono wote. Uzito na beringi vimeongezeka, na mimi ningelipa bila kusita. Ningekataa fremu ya bawaba ya juu isiyokuwa na jibu lolote kuhusu breki.

Jambo la mwisho lenye uzito ni urefu. Ekseli ikirudi nyuma, baiskeli inarefuka. Ile milimita 430 ya mfano wetu inakuwa karibu 441 ukishakaa tu. Foku kwa upande wake inafanya kinyume: ikiwa imelala kwa digrii 64 na kubonyea milimita 160, ekseli ya mbele inarudi nyuma kwa milimita 70. Baiskeli ya kawaida inafupika kwa mbele na kwa nyuma pia; hii inafupika mbele, huku nyuma ikirefuka, kwa hiyo kwenye kasi inatulia mno. Malipo yake utayaona kwenye kona za kubana na pale unapotaka kuinua gurudumu la mbele kuruka shimo. Inakuomba uvute kwa nguvu zaidi, na mapema zaidi.

Shokapu yenyewe, nafasi ya chupa, nyaya kupita ndani ya fremu, hayo mnaweza kuyatazama wenyewe, hayana jipya.

Dada pale nyuma ameuliza kama inamfaa mtu ambaye njia zake ni laini, zenye kona nyingi. Dada yangu, hapana. Utabeba kapi, cheni ndefu na beringi za ziada kwa ajili ya mawe usiyokutana nayo. Lakini kama njia zako zina ngazi za mawe, na mikono inakufa ganzi kabla hujafika chini, basi njoo hapa mbele. Pampu ninayo. Tutairudishia shokapu upepo, nawe ulisukume gurudumu kwa kiganja chako, kwanza likienda juu tu, kisha likienda juu na nyuma.