Kipindi cha 41: Saa nne ya nani?

ZUHURA: Karibuni. Leo tuliahidi herufi nne za FAIR, ile miongozo ya mwaka 2016 ya kutunza data za utafiti: data zipatikane, zifikike, zioane, zitumike tena. Kassim lakini kaja na faili lake.

KASSIM: Limenikalia kichwani tangu Jumatatu, da Zuhura. Data za mbu waliokamatwa, nyumba kwa nyumba, usiku kwa usiku. Liko kwenye hazina ya data mtandaoni, lina namba ya DOI, ile ya kudumu ya kulitambua, unalipakua bure. Kupatikana sawa, kufikika sawa. Nimelifungua, safu ya tatu imeandikwa "saa", na ndani yake kuna 12-Jan, 1-Feb, 2-Mar.

ZUHURA: Excel hiyo.

KASSIM: Excel. Mtu aliandika 12-1, 1-2, 2-3, kwa maana ya saa kumi na mbili hadi saa moja, saa moja hadi saa mbili. Yenyewe ikaona tarehe. Ukishahifadhi kama CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, kinachobaki ni hiyo 12-Jan.

ZUHURA: Ndio ugonjwa uleule wa majina ya jeni. MARCH1 iligeuka tarehe 1 Machi, na MARC1 nayo ikageuka tarehe 1 Machi, hujui tena ipi ni ipi. Mwaka 2020 wanaosimamia majina hayo wakaona heri wabadilishe majina yenyewe, MARCH1 ikawa MARCHF1.

KASSIM: Hapa tuna nafuu. Saa zinafuatana, kwa hiyo 12-Jan haiwezi kuwa kingine ila 12 na 1. Hata kompyuta yenye mpangilio wa Kimarekani, inayoandika 1-Dec, inakurudisha kwenye jozi ileile. Nimezirudisha zote. Sasa niambie: 4-5 ni saa nne ya nani?

ZUHURA: Ya kwetu au ya kizungu.

KASSIM: Kwetu ni saa nne usiku, 22:00. Asiyejua anasoma 04:00, yaani saa kumi alfajiri. Na saa nne usiku watu bado wako barazani na jikoni nje, ilhali saa kumi wamelala ndani ya chandarua. Mbu ni walewale, idadi ni ileile, lakini mmoja atasema chandarua kinatosha na mwingine atasema hakitoshi.

ZUHURA: Tazama mstari wa kwanza wa kila usiku. Ukamataji huanza magharibi. Usiku ukianza na 12 ukaishia na 11, hizo ni saa za Kiswahili. Ukianza na 6 ni za kizungu. Ukianza na 18, hakuna ubishi.

KASSIM: Ningetazama, ila faili limepangwa upya, moja mpaka kumi na mbili. Mfuatano wa usiku umepotea.

ZUHURA: Lo! Na hakuna namba ya mstari ya asili?

KASSIM: Hakuna. Kilichoniokoa ni safu ya joto. Joto la usiku hushuka kabisa karibu na macheo, na kima cha chini kiko kwenye 11-12, usiku baada ya usiku. Basi ni saa zetu.

ZUHURA: Hakikisha kifaa kimewekwa saa za wapi. Vingine hurekodi kwa UTC, saa sanifu ya dunia, iliyo saa tatu nyuma yetu. Ukichanganya tatu za UTC na sita za Kiswahili unapata mbu anayeuma mchana kweupe.

KASSIM: Hiki ni kipimajoto cha ukutani, kinasomwa kwa macho na kuandikwa mstari uleule. Nikageuza hivi: saa 12 ihesabu kama sifuri; mchana ongeza 6, usiku ongeza 18; ikifika 24 au zaidi, toa 24 na tarehe isogee mbele siku moja. Saa nane usiku ni 26, toa 24, ni 02:00 ya kesho yake.

ZUHURA: Hiyo tarehe ndiyo inayonitisha. Mkamataji huandika tarehe ya jioni aliyoanza. Na kwa wazee wa pwani, usiku wa Jumatano ni ule wa kuamkia Jumatano. Ndiyo maana nasema fomu iwe na saa ishirini na nne tangu siku ya kwanza. Simu mkononi inaonyesha 22:00, nakili 22:00.

KASSIM: Hapo sikubaliani nawe. Msimamizi anaita "saa nne!" na anayeandika anasikia nne. Ukimlazimisha ageuze kichwani saa tisa usiku, amechoka, atakosea mara moja moja, na kosa hilo haliachi alama. Mwache aandike saa nne usiku, kwa neno usiku. Kanuni ya kompyuta ikikosea inakosea sawasawa kote, na unaweza kuirudisha.

ZUHURA: Inarudishwa na anayejua kwamba ipo! Data zinaishi kuliko timu. Mtu wa miaka kumi ijayo atakuta 4 tu, kama ulivyoikuta wewe.

KASSIM: Nimeikuta 4 kwa sababu neno usiku lilitupwa. Darwin Core yenyewe, ule muundo sanifu wa data za viumbe, ina nafasi mbili: eventDate kwa tarehe na saa sanifu, 2023-03-12T22:00+03:00, na verbatimEventDate kwa kilichoandikwa kama kilivyoandikwa. Weka zote.

ZUHURA: Zote ziwepo, sawa. Ninachobisha ni ipi iandikwe gizani. Mifumo miwili ya saa ndani ya mradi mmoja, siku moja itachanganyika. Na tukiunganisha na data za Ethiopia, ambako nako saa huhesabiwa tangu asubuhi kama kwetu?

KASSIM: Hapo ndipo neno usiku linapozidi kuwa na kazi.

ZUHURA: Hunishawishi.

KASSIM: Wala wewe.

ZUHURA: Fundi mitambo ananionyesha vidole vitatu. Dakika tatu, na leseni hatujagusa, wala kuficha mahali halisi pa nyumba za watu.

KASSIM: Hazitoshi. Niseme moja tu: nimemwandikia mwenye faili atoe toleo jipya. Kwenye Zenodo, hazina lilimo faili, toleo jipya hupata DOI yake, na ipo DOI nyingine inayoelekeza kwenye la karibuni daima, kwa hiyo aliyenukuu la zamani hapotezi alichokinukuu.

ZUHURA: Na kwenye faili la maelezo aeleze sifuri. Kikombe kilichowekwa kisipate mbu, andika 0. Usiku ambao mvua ilizuia kazi, andika NA, yaani hakuna kipimo.

KASSIM: Nimeona nafasi tupu mia na kitu. Sijui zipi ni mvua.

ZUHURA: Muulize leo hii, kabla waliokuwa kijijini hawajasahau.