Stori Yako Unamsimulia Nani?

REHEMA: Karibuni sana wasikilizaji, mimi ni Rehema, na kaka Musa yuko hapa kama kawaida. Leo tunaongea kuhusu viongozi na stori zao, yaani kwa nini mwingine akijisimulia watu wanamuamini mpaka leo na mwingine akifungua mdomo tu mnajua huyu kaandikiwa. Na mimi naanza na msimamo wangu kabisa. Watu wanadhani kiongozi akimwaga maisha yake yote, shida za utotoni, machozi kidogo, basi huyo ndo mkweli. Mimi nadhani cha kuangalia ni hiyo stori kaileta kwa ajili ya nani, yake mwenyewe au ya wanaomsikiliza.

MUSA: Hapo utoe mfano dada, maana hata anayejililia anaweza akasema nawalilia nyie.

REHEMA: Mfano wangu ni tarehe 4 Aprili 1968. Robert Kennedy anagombea urais Marekani, jioni hiyo ana mkutano wa kampeni Indianapolis, mtaa wa watu weusi, na akiwa bado hajafika anapata habari kwamba Martin Luther King, yule kiongozi wa kupigania haki za watu weusi, kapigwa risasi na amefariki. Watu wameshajaa wanamsubiri, wengi hawajui chochote. Anapanda juu ya lori, kitu cha kwanza anaomba wenye mabango wayashushe, alafu anawaambia. Ukisikiliza ile rekodi unasikia ule ukelele wa watu, unaumiza kwa kweli. Ndipo baadae kidogo anawaambia, wale mnaojisikia chuki kwa sababu ya hili, mimi pia nilikuwa na mtu wa familia yangu aliyeuawa, na aliyemuua alikuwa mzungu.

MUSA: Jina la kaka yake hata halitaji.

REHEMA: Halitaji, na kila mtu pale anajua anamsema nani. Kaka yake, Rais John Kennedy, aliuawa Novemba 1963, ina maana zaidi ya miaka minne huyu mtu amebeba ule msiba na ni kitu ambacho alikuwa anakwepa sana kukiongelea hadharani, na kwenye kampeni ungempa kura nyingi tu za huruma. Akakaa nao. Akautoa usiku ule kwa sababu wale watu walikuwa wamesimama mahali ambapo yeye alishawahi kusimama. Na akautoa kwa sentensi moja, akarudi kwao. Siku zile miji zaidi ya 100 ya Marekani ilikuwa na vurugu, Indianapolis ikatulia. Sisemi ni hotuba peke yake iliyofanya hivyo, ila watu waliokuwepo pale wamekuwa wakiikumbuka.

MUSA: Sasa unaona, huo mfano unanipa nguvu mimi. Ile spichi haikuandaliwa na timu, ilimtoka. Mimi naamini stori ikishapitishwa kwa washauri watano ikapigwa pasi inakuwa imekufa. Mchukue King mwenyewe, Agosti 28, 1963, Washington, watu kama 250,000, ana karatasi yake anaisoma, inaenda vizuri ila kawaida tu, na Mahalia Jackson yule mwimbaji wa injili yuko karibu anampigia kelele, waambie kuhusu ndoto, Martin! Akaiacha karatasi. Kile kipande cha "nina ndoto" ambacho dunia nzima inakijua hakikuwa kwenye ile karatasi.

REHEMA: Haikuwa kwenye karatasi ndio, ila ilikuwa kichwani siku nyingi. Jiulize Mahalia alijuaje kama kuna ndoto ya kuwaambia?

MUSA: Alishaisikia.

REHEMA: Alishaisikia! King alishaitumia Detroit Juni mwaka huo huo, miezi miwili tu nyuma. Kaisema, kairudia, kaona watu wanapokea wapi. Kwahiyo mimi siwezi kukubali hii habari kwamba ukijiandaa umekuwa feki. Mhubiri anaweza kurudia simulizi moja mara nyingi na bado akaimaanisha kila mara.

MUSA: Sawa, nakupa hiyo. Ila kuna kujiandaa nini cha kusema na kuna kujiandaa utaonekanaje, wapi utapumua kama umeguswa, wapi sauti ikatike. Hiyo ya pili ndo inayonikera, na watu wanaiona hata kama hawawezi kukuelezea wameionaje.

REHEMA: Hapo tuko pamoja kabisa.

MUSA: Alafu kuna stori ya kuazima, hii ni mbaya zaidi. Joe Biden, 1987, anagombea urais kwa mara ya kwanza. Kule Uingereza kiongozi wa chama cha Labour, Neil Kinnock, alikuwa na hotuba nzuri sana anauliza kwa nini yeye ndo Kinnock wa kwanza kwenda chuo kikuu katika vizazi elfu moja, je waliomtangulia walikuwa wajinga? Akaelezea wazee wake wachimba makaa ya mawe. Biden akaipenda, na kwenye mikutano mingine alikuwa anasema kabisa haya ni maneno ya Kinnock, ila mwezi wa nane kule Iowa akayasema kama yake, yeye ndo Biden wa kwanza kwenda chuo, na wazee wa kwao nao wakawa wachimba makaa. Klipu mbili zikawekwa pamoja, na mwezi wa tisa akajitoa kwenye kinyang'anyiro.

REHEMA: Na kinachonisikitisha mimi ni kwamba huyu mtu alikuwa na yake. Alikuwa na kigugumizi tangu mtoto. Mwaka 1972, wiki chache tu baada ya kushinda useneta, mke wake na binti yao mdogo wakafariki kwenye ajali ya gari, akaja kuapishwa hospitalini walikolazwa watoto wake wa kiume. Mtu mwenye maisha kama hayo anaenda kuazima babu wa mtu mwingine wa nini?

MUSA: Kwa sababu ya Kinnock ilikuwa inapendeza. Ina mdundo. Ya kwako mwenyewe mara nyingi haina mdundo, ina maumivu tu na unaona aibu kuigusa.

REHEMA: Na angalia baadae, watu wengi walikuja kumuamini zaidi pale anapoongea na waliofiwa. Kigugumizi pia, alikuwa anawaambia watoto wenye hali hiyo mambo aliyofanya yeye, kusoma mashairi kwa sauti mbele ya kioo. Hiyo mtoto anaondoka nayo nyumbani anaanza kuifanya. Unaona inavyorudi kwenye lile lile, kwa ajili ya nani.

MUSA: Mimi naongeza kitu, stori inakuwa deni. Howard Schultz, aliyekuwa bosi wa Starbucks, ile kampuni ya Marekani ya migahawa ya kahawa, kwa miaka mingi anasimulia baba yake alikuwa dereva wa kusambaza nepi, akavunjika mguu kazini, hakuna bima, hakuna fidia, na yeye ni mtoto wa miaka 7 anamuangalia baba kalala kwenye kochi. Ni stori nzito, na haikuishia mdomoni, kampuni ikaanza kuwapa bima ya afya hata wafanyakazi wa muda, kitu ambacho wenzao hawakuwa wanafanya. Watu wakaiamini kwa sababu iko kwenye mkataba wao wa kazi. Ila sasa mwishoni mwa 2021 wafanyakazi wa tawi moja kule Buffalo wanapiga kura kuunda chama cha wafanyakazi na kampuni inapinga, na kwa maoni yangu mfanyakazi aliyesikia ile stori ya baba miaka yote ana haki ya kusimama na kuuliza, sasa mimi na yule baba tofauti yetu nini?

REHEMA: Anayo haki. Na swali lake ni gumu kwa sababu stori yenyewe ni ya kweli. Ingekuwa ya kutunga mngeitupa tu yakaisha.

MUSA: Kuna msikilizaji katuandikia, anasema anaongoza timu ndogo, anaambiwa ajieleze ili watu wamjue, ila hana stori kubwa, hajawahi kufungwa wala kuugua sana, maisha yake ya kawaida.

REHEMA: Huyu nampa Wangari Maathai, yule mwanamazingira wa Kenya. Desemba 10, 2004, Oslo, anapokea Nobeli ya Amani. Huyu alipigwa, alikamatwa, harakati yake ilishapanda miti zaidi ya milioni 30, ana makubwa ya kujaza saa nzima. Unajua alimalizia na nini? Kijito cha karibu na kwao. Kwamba alikuwa anaenda kumchotea mama yake maji, anacheza kwenye majani ya magimbi, anaona mayai ya chura yamejipanga kwenye nyuzi anadhani ni shanga, kila akiingiza vidole vyake vidogo kuziokota zinakatika. Baadae anaona viluwiluwi, maelfu, vyeusi vinajinyonganyonga kwenye maji safi na udongo wa kahawia chini. Zaidi ya miaka 50 imepita, anasema, kijito kimekauka, akina mama wanatembea mbali kutafuta maji na watoto hawatajua kamwe walichopoteza. Alafu akasema kazi iliyopo ni kurudisha makazi ya viluwiluwi.

MUSA: Aisee. Hakuna jela hapo, hakuna rungu.

REHEMA: Mayai ya chura! Sasa huyo ndugu yetu mwenye timu, atafute kitu alichokigusa kwa mkono wake na kinachohusiana na kazi wanayofanya pamoja. Siku aliyokuwa mgeni kazini, nani alimuonyesha nini, alikosea wapi kwenye kujaza ile fomu.

MUSA: Na kama kwenye stori kuna mtu mwingine, mama yako, bosi wa zamani, mfanyakazi uliyemsaidia, huyo mtu naye anahusika. Nimeona viongozi wanasimulia mbele ya ukumbi mzima shida ya mfanyakazi wao, na mwenyewe kakaa mstari wa tatu anaangalia chini. Muulize kwanza. Akisema hapana, tafuta nyingine.

REHEMA: Na usimuulize mbele za watu maana hapo hawezi kukataa. Haya, swali la viongozi kuomba radhi hatujaligusa na mmeliuliza wengi, tunalichukua kipindi kijacho. Kaka Musa, ahsante.

MUSA: Ahsante dada, na ahsanteni wote.