Treni Yako Itasimama Wapi?

Marahaba, wanangu. Walioko dirishani sogeeni mbele, nataka kila mtu auone ubao.

Wengi wenu mmeshaanza kucheza OpenTTD, ule mchezo wa kujenga na kuendesha kampuni ya usafiri, kwenye kompyuta za maabara, kwa hiyo sitawaonyesha jinsi ya kutandika reli wala kununua kichwa cha treni. Nimekuja na jambo moja. Wale wa mwaka jana watasema mwalimu ameanza tena. Ndiyo, nimeanza tena! Juzi nimepita nyuma ya viti vyenu, nikaangalia ramani saba, na katika ramani tano treni zilikuwa zimelala. Hazikuharibika, na mizigo ilikuwepo migodini. Zimesimama kichwa kwa mkia, zinasubiriana, na mwenye ramani anaendelea kununua treni nyingine akidhani tatizo ni uchache.

Nichukue ramani ya kijana mmoja, simtaji jina. Alianza vizuri sana. Mwaka 1950, anachukua mkopo, anatafuta mgodi wa makaa ya mawe ulio mbali na kituo cha kufua umeme, kama miraba 80 ya ramani hivi. Makaa ni mzigo mzuri wa kuanzia kwa sababu hayana haraka: treni ikichelewa kidogo, malipo hayaporomoki kama ya abiria. Na malipo yanahesabiwa kwa umbali wa stesheni hadi stesheni, si kwa urefu wa reli. Anayezungusha reli milimani akidhani atalipwa zaidi anajichelewesha bure. Haya, mgodi akauita Kiwira, kituo cha umeme akakiita Iyunga. Treni mbili, faida. Treni nne, faida. Akaona mgodi mwingine karibu na njia, akauita Mbalizi, akauunga kwa tawi. Treni zikawa 12. Nilipofika mimi, pesa zinapungua kila mwezi na treni zote 12 zimeganda.

Tazameni ubaoni. Njia ni mbili, ya kwenda na ya kurudi, hapo hakukosea. Treni ya kwanza imeshusha makaa Iyunga, inatoka. Miraba miwili tu baada ya makutano ya mlangoni mwa stesheni, ameweka ishara. Ishara ni nyekundu, maana mbele kuna treni nyingine. Treni ikatii, ikasimama. Sasa hesabuni nami: treni ina urefu wa miraba sita. Kichwa kimetoka, lakini mkia umelala juu ya makutano. Treni ya pili, imejaa makaa, inataka kuingia stesheni. Haiwezi, njia imezibwa na ule mkia. Nyuma ya hiyo ya pili kuna ya tatu, ya nne, ya tano, na foleni inarudi nyuma mpaka tawi la Mbalizi, na ya mwisho kwenye foleni imelala juu ya makutano ya tawi. Upande wa pili, ile tupu inayoongoza wanaorudi inataka kukatisha hapo hapo iingie Mbalizi. Haiwezi. Nyuma yake zimesimama nyingine, mpaka kwa yule wa kwanza aliyeacha mkia mlangoni Iyunga. Duara limefungwa. Kila mmoja anamsubiri mwenzake, na wote wametii ishara!

Mmeona makutano ya barabara pale Kabwe, hapa Mbeya, jioni watu wanaporudi makwao. Dereva wa daladala anaona mbele kumejaa, hana pa kwenda, lakini kwa kuwa mbele yake pana nafasi ya kuingiza pua, anaingiza. Bajaji zinaingia pembeni yake. Baada ya hapo hata anayekwenda upande mwingine kabisa, ambako barabara iko wazi, hapiti. Wote wanapiga honi. Honi haifanyi kitu, kwa sababu kosa lilitendeka pale mtu alipoingia makutano bila kujua atatokea wapi.

Basi swali ni hili, na ndilo nitakalowauliza kila nikipita nyuma ya kiti chako: treni ikisimama kwenye ishara hii, mkia wake utakuwa wapi? Ukijibu "juu ya makutano", ishara hiyo ing'oe. Ishara maana yake ni ruhusa ya kusimama. Unaiambia treni, hapa unaweza kusubiri bila kumsumbua mtu. Usiitoe ruhusa hiyo mahali pasipofaa.

Kwa vitendo ni hivi. Kabla ya makutano, weka ishara ya njia. Ile ya kawaida inauliza tu kama kuna treni yoyote ndani ya kipande kilicho mbele. Ikiwepo hata moja, hakuna anayeingia, hata kama njia zao hazigusani. Ishara ya njia inafanya zaidi: treni inajiwekea njia yake mapema, kutoka hapo ilipo mpaka mahali pengine pa kusimama salama, na wengine wanaweza kupita wakati huo huo ili mradi njia zao hazikatizani. Ndani ya makutano, usiweke kitu. Baada ya makutano, hesabu urefu wa treni yako ndefu kuliko zote, kisha ndipo uweke ishara inayofuata. Kama treni ni ya miraba sita, acha sita. Ukipanga kesho kuzirefusha ziwe nane, acha nane leo. Stesheni ya mwisho wa reli ni hivyo hivyo: ishara moja ya njia kabla ya mlango, kisha hakuna ishara kati ya mlango na majukwaa. Aina nyingine za ishara ziacheni kwanza.

Najua kuna mtu anawaza: mwalimu, mbona kuna kitufe cha kuiamuru treni ipite ishara nyekundu? Kipo. Na treni mbili zikikutana huko mbele zinagongana, unapoteza zote mbili. Hata zisipogongana, makutano yako bado ni yale yale, na kesho zitaganda tena.

Mwingine anawaza: mbona TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ni njia moja na treni zinapita? Swali zuri, nalipenda. Kilomita 1,860 toka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, njia moja, na treni zinapishana kwenye stesheni zenye njia ya pembeni. Nilipokuwa na umri wenu nilikuwa nakaa karibu na stesheni pale Iyunga, ile ya kweli, naangalia treni ya mizigo imesimama kimya, mabehewa marefu hayana mwisho. Nilidhani imeharibika. Baadaye nasikia ngurumo, inakuja nyingine kutoka upande wa pili, inapita, na ile iliyokuwa imelala inaamka na kuondoka. Ilikuwa inasubiri! Na yote nzima, kichwa na mkia, ilikuwa imeingia pembeni, njia kuu iko wazi. Mtu alikaa akapima mahali hapo pa kusubiria kabla ya taruma la kwanza kulazwa. Tangu siku ile sijawahi kuangalia reli bila kutafuta mahali pa kusubiria. Kwa hiyo njia moja inawezekana, lakini njia ya kupishana lazima iwe ndefu kuliko treni yako, na idadi ya treni iwe ndogo. Ninyi mnataka treni 20 kwenye njia moja. Jengeni mbili tangu mwanzo, moja ya kwenda, moja ya kurudi, na ishara za njia za upande mmoja.

Muda umekwenda. Milima, nilitaka kuiongelea sana, nitasema kidogo tu. Msipitishe reli juu ya kila kilima mnachokikuta. Mmeona malori yanavyopanda mlima Kitonga, na foleni inayojengeka nyuma yao. Kichwa cha treni cha mwaka 1950 kikibebeshwa makaa kinapanda hivyo hivyo, na wote walio nyuma wanatembea kwa mwendo wake. Waliojenga TAZARA, 1970 hadi walipoikabidhi 1976, walipofika kati ya Mlimba na Makambako walitoboa mahandaki na kujenga madaraja moja baada ya jingine, ndipo treni ikaweza kupanda mpaka Uyole, karibu mita 1,790 juu ya usawa wa bahari. Zungukeni kilima, au toboeni handaki fupi, ilimradi mteremko uwe wa taratibu.

Mengine haraka. Stesheni ya reli inavuta mzigo ulio ndani ya miraba minne tu, kwa hiyo isogezeni mgodini. Mzigo hautaonekana stesheni mpaka treni ya kwanza ifike kupakia, msikae mnausubiri. Amri ya treni kusubiri mpaka ijae kabisa iwe mgodini peke yake. Karakana iwe njiani, maana treni isiyohudumiwa inaharibika mara kwa mara na kuzuia walio nyuma. Na msikate miti ovyo karibu na mji, halmashauri inakasirika na kuwanyima kibali.

Kengele hiyo. Fungueni ramani zenu. Mstari wa nyuma, anzeni na ile ishara ya mlangoni Iyunga: ing'oeni, hesabuni miraba sita toka makutano, ndipo muweke nyingine. Nakuja kuangalia.